Chanja za Wasiokuwepo

Jua limeshapanda juu ya vilima, na katika mwalo wa wavuvi wa Katonga, Kigoma, Mwamini Nuhu anarusha dagaa. Hawamwagi. Anawarusha kwa kiganja, nao wanatandazika juu ya chanja ya kukaushia bila kupandana, huku yeye akiendelea kupiga soga na jirani yake wala haangalii mkono unafanya nini.

“Ukiwakodolea macho sana wanarundikana,” anasema na kucheka.

Jioni mikono hiyohiyo hushika mpira wa kikapu. Mwamini, mwenye umri wa miaka 29, ndiye mgawaji wa mipira wa Chanja, timu ya wanawake wanaoanika dagaa mwaloni hapa. Uwanja wao ni udongo mwekundu uliosawazishwa kwa jembe. Ringi ilichomelewa na fundi wa madirisha ambaye hakuwahi kuona mechi ya kikapu maishani mwake, ndiyo maana imeinama kidogo kama inaamkia wakubwa.

Mtaani anayejulikana ni Nasma, mfungaji wao. Watoto huimba jina lake. Anayeandika pointi huandika wafungaji tu, na Mwamini hafungi mara nyingi.

“Inauma, kwa nini isiume? Mimi si malaika,” anasema. “Lakini Nasma akifunga, ananitazama mimi kwanza kabla ya kushangilia. Hapo naridhika.”

Nasma mwenyewe habishi. “Dada Mwamini hakupi mpira pale uliposimama. Anautuma mahali unapotakiwa kufika. Usipofika, utagombezwa mpaka mlangoni kwenu.”

Kwenye uanikaji nako kuna utaratibu. Mvua ikianza, mtu hakimbilii dagaa wake. Huokolewa kwanza dagaa wa yule ambaye hayupo, awe yuko kliniki, msibani au sokoni. Dagaa aliyelowa huishia kwa wafuga kuku kwa nusu ya bei, na mtaji unakuwa umekwenda na maji. Mwamini amekulia ndani ya utaratibu huo tangu akiwa mgongoni mwa mama yake.

Ndiyo maana kilichotokea Machi mwaka huu bado kinamnyima raha.

Chanja walikuwa wanacheza hapahapa Katonga na timu moja ya mjini, na mshindi angeingia ligi ya mkoa. Kwa wanawake ambao hawakuwahi kuucheza mpira wao nje ya mtaa, lilikuwa jambo kubwa. Walikuwa mbele kwa pointi moja, mchezo unaelekea ukingoni, mpira uko kwa Mwamini. Wingu jeusi likapanda ziwani upande wa Kongo. Tone la kwanza likamwangukia mkononi.

Akauacha mpira, akakimbia.

“Sikufikiri. Miguu ilikwenda yenyewe,” anasema. “Nilikuwa nimeanika mtaji wangu wote, na wa Nasma uko pembeni yake.”

Mpinzani aliokota mpira, akaenda kufunga peke yake. Filimbi ikalia.

Alipofika mwaloni, Mwamini alikuta chanja za wachezaji wote ziko tupu. Dagaa wao walikuwa chini ya turubai, wakavu kabisa. Bi. Skolastika Gasper, mjane aliyehamia hapa kutoka Ilagala, alikuwa amekalia ukingo wa turubai lisipeperushwe na upepo. Dagaa wake mwenyewe walikuwa bado chanjani, wameloa chapachapa.

“Nikamwuliza, mbona umerudi, mpira umekwisha?” anakumbuka Bi. Skolastika. “Akaanza kulia. Nikajua tumefungwa. Nikamwambia, mwanangu, si ninyi mlikuwa hampo? Asiyekuwepo ndiye wa kwanza. Hilo nalo nikufundishe leo?”

Alilijua, na hapo ndipo panapomchoma. Mtu anayewafokea wenzake kila jioni kwa kutoiamini pasi, siku yenyewe ilipofika hakuamini kwamba nyuma yake kuna watu.

Wenzake walimnunia siku kadhaa, na hawakuficha. Kisha kila mchezaji akamjazia Bi. Skolastika ndoo moja kutoka fungu lake. Mwamini alijaza mbili, na mazoezi yakaendelea.

Mwezi ujao, mvua zikiwa zimeanza, Chanja watacheza tena kuwania nafasi hiyohiyo. Nasma alishauri siku hiyo wasianike kabisa. Mwamini alikataa.

“Tutaanika kama kawaida,” anasema, safari hii bila kucheka. Kinachomsikitisha ni kwamba Bi. Skolastika, ambaye hajawahi kuona hata mechi yao moja, atakuwa tena huku mwaloni akilinda chanja zao.

“Tukishinda, nitamletea ule mpira aushike. Na ikinyesha, nitaisikia.” Anarusha kiganja kingine cha dagaa. “Ila sigeuki.”