Mtandaza nyasi aliyeziondoa nyasi nyumbani kwake

Jua halijachomoza vizuri hapa Nshamba, wilayani Muleba, na Gozbert Rweyemamu tayari ameangusha migomba miwili iliyokuwa ikigusa ukuta wa nyumba yake. Anaiburura mbali, kisha anarudi kufagia majani makavu. Jirani anasimama njiani, anamwita kwa heshima ya Kihaya.

"Waitu Ta Gozbert, na huo wenye mkungu nao unaukata?"

"Nao," anajibu, bila kuinua kichwa.

Mhaya kufyeka migomba mlangoni pake si jambo la kila siku, na Gozbert anajua anavyosemwa. Tena kinachomlisha ni nyasi hizo hizo anazozikimbia: hukata nyasi na kuzitandaza kwenye vibanja, yaani mashamba ya migomba ya watu, ili udongo usikauke, kwa Sh7,000 kwa siku.

Sababu ni mwanawe Alexander, wa miaka sita, anayemtazama kutoka dirishani. Tangu akiwa mchanga aliandamwa na majipu, homa ya mapafu na kuhara damu.

"Tulimpa dawa za amiba mpaka tukachoka. Tumbo linatulia wiki moja, linarudi," anasema mkewe, Restituta.

Mwaka jana, hospitalini Mwanza, ndipo walipoelezwa. Chembe nyeupe za damu ya Alexander zina hitilafu ya kurithi: huwafikia vijidudu, lakini hushindwa kuua baadhi ya bakteria na kuvu. Utumbo nao huvimba na kutoka vidonda. Restituta alilia aliposikia kwamba hitilafu ilipitia kwake. Kaka zake wawili walikufa wangali wadogo, na ukoo mzima ulishikilia kwamba walirogwa.

Alexander alianzishiwa dawa za kila siku. Tumbo likatulia, akanenepa, akaruhusiwa kurudi nyumbani.

Kwa furaha, Gozbert alifanya afanyavyo Mhaya akitarajia mgeni wa heshima. Alichukua nyasi zilizokuwa zimerundikwa nyuma ya nyumba, akazitandaza sebuleni juu ya zile za zamani, nene kama godoro. Mtoto akagaragara humo akicheka.

Kabla ya wiki kwisha alikuwa akihema mbio. Wakarudi Mwanza, na daktari akauliza nyumbani kuna nini.

"Nikamwambia nimemtandikia nyasi. Nilisema kwa kujisifu kabisa," anakumbuka Gozbert.

Walikuwa wameonywa mtoto akae mbali na vitu vinavyooza. Gozbert alidhani ni jalala. "Nyasi za sebuleni kwetu ni usafi. Nani angeziita uozo?"

Kuvu huota humo, daktari akamweleza, na vumbi lake lingeweza kumuua Alexander. Mtoto alilazwa wiki sita, akapona. Baba yake bado inamuuma.

"Nilizitandaza mimi, kwa mikono hii," anasema.

Siku hizi sebule ina sakafu ya saruji, na migomba ya ukutani inaondolewa ili majani yake yasiozee karibu na nyumba. Nguo za kazi Gozbert huziacha kwa mama yake, naye huoga huko huko kabla ya kurudi kwake.

Januari Alexander anaanza darasa la kwanza, na katika shule hiyo wanafunzi hutandaza nyasi kwenye shamba la migomba. Gozbert ameshakwenda kwa mwalimu mkuu.

"Akaniambia mtoto hawezi kukosa kazi za shule. Nikamwambia hakosi, Mwalimu. Siku hiyo yeye atabaki nyumbani, nitakuja mimi. Unipange mstarini na wenzake wa darasa la kwanza."