Herufi Moja Tu

Mtaani walimwita Mama Herufi, maana kazi yake ni kutarizi maneno kwenye mapazia na foronya. Mkono wake mwepesi, ila akiwa na mawazo herufi humponyoka. Kuna pazia la mlangoni alilotarizi KABURI WAGENI badala ya KARIBU. Mteja alilirudisha mbio. Mtaa mzima ulicheka mpaka ukashika mbavu.

Siku moja alikuwa na mawazo tele. Kifungua mimba wake ameposwa, na yeye na mchumba wamepimwa damu. Kitinda mimba ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mama amemkanda viungo mpaka anakijua kilio chake cha kila aina. Hofu yake ilikuwa moja: wajukuu wasije wakalia vile.

Alikaa na wachumba mbele ya nesi kusikia majibu.

"Nesi mwanangu, usinizungushe. Huyu kijana anao?"

"Subiri, mama, utanimeza! Mwili hutengeneza damu kwa kufuata maelekezo, kama maandishi. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba, moja ya mama. Kwenye selimundu herufi moja imebadilika, kwenye nakala zote mbili."

"Moja tu, na mwanangu analia vile?"

"Moja tu. Magonjwa mengine, herufi zimedondoka au zimepinduka. Na kuna makosa yasiyodhuru kitu."

Mama akaikumbuka foronya ya LALA MTOTO MZURI. Herufi mbili zilidondoka, ikasomeka LALA MTO MZURI. Mwenyewe hakuirudisha, mto ni mto.

"Sasa mimi nilikosea wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hukukosea, mama. Kosa hili limeanza kabla ya bibi wa bibi yako. Binti ana nakala moja yenye kosa na moja nzima, ndiyo maana haumwi. Kijana zake zote mbili nzima. Watoto wao hawatapata selimundu."

"Rudia."

"Hawatapata."

"Rudia tena, mkwe wangu asikie."

"Nimesikia tangu mara ya kwanza, mama," kijana alisema, akicheka huku anafuta macho.

Nyumbani mama alivuta kiti, akatandaza foronya mpya. Kitinda mimba, ambaye wiki hiyo hakuumwa, akajisogeza karibu.

"Mama, hata harusi bado!" binti alilalamika.

"Nyamaza wewe. Haya, kitinda mimba wangu, nitajie herufi, leo sitaki zinidondoke."

"M. T. O."

"Endelea, usinichezee."

"T. O," alimalizia mtoto, akacheka.