Siku Yaya Alipoteleza Mbele ya Wakwe

Mwezi uliopita nilipanda Bihambwe, kwetu milimani, kwa matanga ya jirani wa zamani, na mvua ikatukuta huko. Tulipokuwa tumejikinga barazani niliona watoto wakishuka kilima wamekalia vipande vya bidoni ya njano, yale madumu ya plastiki, wakipiga kelele kama ndege waliofukuzwa shambani. Mama mmoja kando yangu akanung'unika kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu. Mimi sikukubaliana naye, na wewe, rafiki yangu, nitakueleza kwa nini.

Wakati wetu, miaka ya hamsini, Wabelgiji wangali wanatawala, bidoni hazikuwapo. Vya kuchezea tulivitoa shambani. Mpira tuliusuka kwa majani makavu ya mgomba. Mtoto wa kubeba mgongoni tulimpata katika hindi changa lenye nywele zake, na mama akigundua limevunwa kabla ya wakati, fimbo haikuwa mbali. Lakini mchezo uliotusahaulisha hata njaa ulikuwa kuteleza. Baba akishakata mkungu wa ndizi, shina lililobaki lilikuwa letu. Tulilibandua gome baada ya gome, tukachagua lile pana, bado linatoa maji, tukalikalia miguu mbele na kujiachia kutoka juu kwenye maharagi hadi chini kwenye njia ya kisimani. Nguo zilishika utomvu, na utomvu wa mgomba ukikauka unakuwa mweusi, hata sabuni ya misioni haiwezi kuuondoa. Jioni hakuna aliyeweza kukana.

Bibi yangu, mama mzaa baba, ambaye sote tulimwita Tate, alituangalia akichambua sombe, majani ya muhogo, mlangoni. "Mulima haina mukubwa," alikuwa akisema. "Ikitaka kukuangusha, inakuangusha tu." Hakutukataza.

Aliyetushinda wote alikuwa dada yangu mkubwa. Nilimwita Yaya, kama tunavyowaita kwetu wakubwa zetu. Alijua kukata kona kwa kisigino bila kuanguka. Kisha akaposwa. Waposaji walitoka Buleusa, upande wa Walikale, mbali na kwetu, na baba aliwakubali kwa sababu walikuwa wakristu na watu wa jembe kama sisi. Tangu siku hiyo Yaya alifungiwa mchezo. Msichana aliyeposwa alikaa ndani, akipakwa mafuta, akisuka mikeka, akifundishwa kusema polepole. Mimi nilikuwa bado mdogo, na nilichoona ni kwamba nimenyang'anywa mwenzangu, ingawa nalala nyumba moja naye.

Siku ya wakwe kuja kumaliza maneno ya mahari, mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mchana ikakatika. Mama alikuwa jikoni, baba anapanga viti, na kila mtu alisema wageni hawawezi kufika kabla ya jioni kwa matope yale. Yaya akatoka kwa mlango wa nyuma, amevaa kikwembe, kitenge chake cha kazi. Akanikuta juu ya kilima na gome langu.

"Nipe," akasema.

"Mama atakuua."

"Moja tu. Kule kwao ni pori, hakuna mulima kama hii."

Nilimpa. Akakaa, akakunja kikwembe katikati ya magoti, akaondoka. Sijamwona mtu tena akishuka vile. Alipofika penye kona ndipo nami nilipowaona: wazee watatu wakipanda njia ya kisimani, suruali zimekunjwa, na nyuma yao mama mnene aliyebeba kichwani mtungi wa mawese. Alikuwa shangazi wa mchumba. Yaya alitia kisigino, lakini udongo ulikuwa maji matupu. Alipita katikati ya wazee na kumgonga shangazi miguuni. Mtungi ulianguka ukapasuka, na mafuta mekundu yakashuka na njia mbele yao wote.

 Kisha mzee aliyetangulia, baba wa mchumba, akamwinamia Yaya: "Mama, umeumia?"

"Hapana, Papa," Yaya akajibu, bado amekaa kwenye matope.

Shangazi alikuwa akijipangusa. "Ndiyo huyu tulitembea njia yote kuja kutafuta?"

Nyumbani wageni walikaa bila kugusa kitu. Baba aliomba msamaha mpaka maneno yakamwishia. Shangazi alisema warudi, kwamba msichana asiyeweza kukaa ndani siku moja hataweza kukaa katika nyumba ya mume. Nilijibanza nyuma ya pazia na mama, naye alikuwa amenishika mkono kwa nguvu, nadhani bila kujua. Posa ikivunjika kwa aibu ya namna ile, hakuna mwingine angekuja kubisha hodi.

Ndipo Yaya alipotoka. Alikuwa amenawa, lakini kwenye nywele matope yalibaki. Hakuitwa. Alipiga magoti mbele ya yule mzee.

"Papa, mafuta ni mimi nilimwaga. Hakuna mwenye alinituma. Nilikuwa naaga mulima yetu. Nimemaliza kuiaga."

 Mzee akavuta kibuyu cha kasigisi, pombe yetu ya ndizi, akanywa kidogo, akampa baba. Kwetu kibuyu kikishapokewa, maneno yamekwisha. Shangazi peke yake hakunywa.

Yaya akaenda kwa mume. Nilipokuwa mtu mzima nilimtembelea Buleusa. Alikuwa na watoto wengi na muhogo mzuri, na yule shangazi, mzee sasa, alimwita hadi kufa kwake "Mama Utelezi," ingawa mwishowe hakukubali mwingine ila Yaya amwogeshe. Nilipowasimulia watoto habari ile, Yaya alikunja uso. "Musimusikilize. Iko anawaongopea." Watoto wakaniangalia mimi kwa huruma.

Lakini kesho yake, tukiwa wawili tu tunaosha vyombo mtoni, aliniuliza bila kuinua macho kama pale penye kona bado ni pabaya vile.

Alikufa huko huko. Wenzetu wa kilimani nao wamekwisha, wengine kwa uzee, wengine kwa vita, na migomba ya nyuma ya nyumba yetu ilikatwa zamani kuwapa ng'ombe malisho. Watu wa Buleusa wanamkumbuka mama mpole aliyetembea taratibu. Hawakosei, ndivyo alivyokuwa kwao. Mimi ndiye niliyebaki ninayemjua akishuka mbio.