Mwaka Ambao Mtaa Mzima Ulikaa Chini

Bwana Viti hakuzaliwa na jina hilo, lakini hata mkewe alishaacha kulitumia lile alilozaliwa nalo. Kazi yake ilikuwa kukodisha viti na maturubai, na ukitaka kumjua vizuri ingia sebuleni kwake. Viti vya plastiki vimepandishwa kimoja juu ya kingine mpaka vinakaribia dari, vyeupe upande huu, vya buluu upande ule, na katikati pameachwa kijia cha kupita mtu mmoja, tena awe mwembamba. Ukutani hakuna picha kwa sababu ukuta wenyewe hauonekani. Harusi ikija viti hutoka, msiba ukija hutoka, mkutano wa wazazi shuleni, hutoka. Vikirudi huoshwa uani kwa brashi na sabuni ya unga, huku mwenyewe akivigombeza: wewe nani kakumwagia soda, na wewe hilo doa la mafuta umelitoa wapi. Aliamini, na alimwambia hivyo kila aliyekuwa na muda wa kumsikiliza, kwamba heshima ya mtu huanzia pale anapokaa.

Mwaka ule wa uchaguzi akapata bahati ya mtende: alipewa kazi ya kupanga viti kwenye mikutano ya mgombea mmoja aliyejiita Mwamba. Mwamba alikuwa pande la mtu, shingo nene, tumbo limetangulia, na mabango yake yote yaliandikwa kwa herufi nyekundu: MWAMBA HAYUMBI. Kwa mkutano wa kwanza Bwana Viti alimwandalia jukwaani kiti cha sofa, akakitandikia kitambaa safi na kumwekea chupa ya maji kwenye meza ya mbele. Vile viti vyake vyenye ufa, alivyovishona kwa waya, alivipeleka nyuma kabisa, kwa wale ambao mkutano ukinoga husimama tu.

Mwamba akapanda jukwaani, akalitazama sofa, akatikisa kichwa. Akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba yeye hawezi kukalia sofa wakati wananchi wake wamekalia plastiki, na akaomba aletewe kiti kama chao. Watu wakashangilia. Mlinzi mmoja akakimbia mpaka nyuma, akanyakua cha kwanza alichokutana nacho, akakipandisha jukwaani.

Bwana Viti akautambua ule waya wake. Akasimama, akapunga mikono yote miwili juu ya kichwa. Mwamba akamwona, akafurahi, akampungia na yeye.

"Wenzangu wanayumba," akasema Mwamba. "Mimi siyumbi."

Akakaa. Kile kiti kilichanua miguu yake minne, kila mmoja ukaelekea kwao, na mgombea akapotea. Kilichobaki kuonekana juu ya meza ni soli ya kiatu.

Pakawa kimya kama mtihani unaanza. Sasa, huyu Mwamba alikuwa na msemaji, na msemaji huyo zamani alikuwa mtangazaji wa mpira redioni, mtu aliyezoea kwamba kimya kikipita pumzi mbili, kazi hana. Akadaka kipaza sauti. "Ndugu wananchi, Mheshimiwa hakuanguka," akasema. "Mheshimiwa ameamua kukaa chini pamoja na nyinyi." Chini ya meza Mwamba akalisikia hilo, akalipenda, akatoa ngumi moja hewani. Watu wakapiga makofi, wangefanyaje. Hotuba nzima ikatolewa kutoka sakafuni, mgombea haonekani, ngumi tu inachungulia kila ikifika ahadi.

Inasemekana usiku huo wapambe wake walibishana mpaka sauti zikawakauka. Wengine walitaka aombe radhi kwa kuwashtua watu, aseme kiti kimevunjika, acheke kidogo, yaishe. Msemaji akakataa katakata. Kiongozi imara, alisema, akikubali leo kwamba ameanguka, kesho watamuuliza habari za barabara. Basi ikaamuliwa kwamba kukaa chini ndiyo sera.

Kuanzia hapo Mwamba akawa anahutubia akiwa ameketi ardhini, na wafuasi wake nao wakaketi ardhini. Mpinzani wake, daktari wa meno, akaona anaachwa. Mkutano uliofuata akakaa chini bila hata mkeka. Mwamba naye akakaa kwenye kokoto. Daktari akalala chali kabisa, akazungumzia shida ya maji huku anatazama mawingu. Upande mmoja wakasema ule ni unyenyekevu, upande mwingine wakasema ni uvivu, ila kwenye viti hakuna aliyerudi. Mtu akionekana amekaa kitini, anaulizwa anajiona nani. Bwana harusi mmoja na bibi harusi wake walikata keki wakiwa wamechuchumaa, jambo ambalo halina picha nzuri hata moja.

Ukumbi wa harusi ulimfutia Bwana Viti kazi, shule ikamfutia, na jirani yake muuza mikeka akaanza kumsalimia kila asubuhi kwa sauti tamu ya kukera: "Vipi jirani, biashara?" Bwana Viti alikuwa akijibu tunamshukuru Mungu, huku roho inamuuma. Aliosha viti ambavyo hakuna aliyevikalia, akavipanga, akavipangua, akaviosha tena. Mkewe akamuuliza kama sabuni anaokota. Aliona wazi kwamba uchaguzi ukiisha na watu wameshazoea chini, yeye atabaki na ghala la plastiki na jina lisilo na maana.

Na hayo yangevumilika kama isingekuwa mama mkwe. Mama mkwe wake alikuwa akiishi nao, na kwa Mwamba alikuwa mfuasi wa kufa na kupona. Akatangaza kwamba Mheshimiwa akiwa chini, yeye juu hakai. Akaketi pale pale kwenye kijia, katikati ya viti vyote vya duniani, miguu kainyoosha. Sasa mkwe gani mwenye adabu zake atakaa juu na mama mkwe yuko sakafuni? Ikabidi Bwana Viti naye ashuke. Kila jioni wakawa wanatazamana, nyayo kwa nyayo, viti vimewainamia pande zote, na kutazama televisheni ilikuwa mpaka walale ubavu.

"Mama, panda kitini, magoti yatakuuma," alimsihi siku moja.

"Magoti yangu, na kura yangu, mwanangu," akajibiwa.

Usiku akamsikia anaugulia kitandani, akamhurumia kwelikweli, na hasira zikampanda hapo hapo. Asubuhi akajikaza kisabuni, akaenda nyumbani kwa Mwamba, akapitia mlango wa nyuma kama mtu wa kusoma mita.

Alimkuta kwenye chumba cha ndani, pazia limefungwa, taa imewashwa mchana kweupe. Mheshimiwa alikuwa amekaa kwenye kiti, kiti chenye mto, miguu ameitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto, macho ameyafumba kwa raha. Kusikia mlango akashtuka, akateleza mpaka sakafuni kwa mazoea. Alipoona ni nani akaanza kujivuta kurudi juu, na safari hiyo ikachukua muda.

"Umeniona nimekaa?" akauliza.

"Nimekuona, Mheshimiwa."

"Usimwambie mtu."

Kisha yakamtoka yote. Kiuno hakina hali, magoti yanalia, baada ya kila mkutano walinzi wawili humwinua kama kabati, na msemaji huwaambia watu kwamba wananchi wanambeba kiongozi wao. Bwana Viti akamwambia suluhisho ni dogo: aseme tu alianguka, aombe radhi. Yeye mwenyewe yuko tayari kusimama mbele za watu akiri kwamba kiti kilikuwa kibovu. Mkodisha viti kusema vile ni sawa na daktari kusema dawa zake zimeoza, na ilimchoma.

"Kama kiti kilivunjika, basi nilianguka," alisema Mwamba kwa huzuni. "Na mabango yameshachapishwa."

Akairudisha miguu yake kwenye beseni.

"Lakini bwana, ulishindwa hata kunipungia mkono?"

"Nilikupungia, Mheshimiwa. Ukanipungia."

Bwana Viti akarudi nyumbani mikono mitupu.

Siku ya mkutano wa mwisho mvua ilikuwa imenyesha na uwanja umekuwa tope. Hakuna aliyemwita, lakini Bwana Viti alipakia viti vyote kwenye pikapu ya kuazima, akaiegesha ukingoni mwa uwanja. Mkewe alimuuliza anavipeleka wapi, akasema anavipeleka kupunga upepo. Umati wote ulikuwa umekaa chini juu ya maboksi na mifuko. Mama mkwe alikuwa mstari wa mbele kabisa, amekalia gunia.

Mwamba akahutubia vizuri, afya, masoko, mitaro, mpaka akamaliza. Ikafika saa ya kuinuka. Mlinzi mmoja siku hiyo hakuja, mgongo ulikuwa umeteguka kwa ajili ya kazi ile ile, na aliyebaki akajaribu peke yake. Mheshimiwa akapanda mpaka nusu, akatetemeka, akarudi kwenye tope kwa kishindo.

"Mheshimiwa ameamua kuendelea kukaa na..." akaanza msemaji.

"Nyamaza kidogo," Mwamba akamwambia, akanyoosha mkono kukichukua kipaza sauti. Akakifuta tope kwa shati lake. "Jamani, siku ile nilianguka. Niliomba kiti cha plastiki ili mnione mtu wa kawaida. Mliponiona hivyo kweli, nikaogopa. Naombeni mnisamehe."

Msemaji akajifunika uso kwa karatasi zake. Bwana Viti, kule kwenye pikapu, akaanza kuomba dua, maana watu wakimzomea sasa, hakuna atakayekikaribia kiti mpaka kizazi kijacho.

Ikasikika sauti ya mama mkwe, wala hakuipaza.

"Tuliona, baba. Sote tulikuwepo."

Kicheko kikaanzia mstari wa mbele, kikaenda nyuma, kikarudi. Mwamba mwenyewe akacheka mpaka tumbo likawa linamtikisa mzima mzima. Baadaye alikuja kushinda kwa kura chache, na msemaji wake hadi leo anaapa ushindi ulitokana na kukaa chini, lakini hilo mwachie yeye.

"Haya, sasa nani ataniinua mimi?" mama mkwe akauliza, na hapo ndipo ilipobainika kwamba nusu ya uwanja ilikuwa imekwama. Huyu magoti, yule kiuno, yule mguu umekufa ganzi tangu hotuba ya masoko. Watu wazima wakawa wanashikana mikono, wanahesabu moja mbili tatu, wanainuka kidogo, wanaketi tena pamoja.

Bwana Viti akaufungua mlango wa nyuma wa pikapu. Viti vikaanza kupita juu ya vichwa, mkono kwa mkono, vyeupe na vya buluu, watu wanaviita vije huku, wanagombania. Cha kwanza alikibeba yeye mwenyewe mpaka mbele. Akamshika mama mkwe kwapani, akamwinua taratibu, akamkalisha, akamfuta tope kwenye magoti. Bibi akavuta pumzi ndefu, akaegemea. Mheshimiwa naye akaletewa chake, akakaa, akafumba macho kama siku ile ya beseni, ila safari hii mbele ya watu.

Mama mkwe akageuka kumtafuta mkwewe, akamwona amesimama peke yake pembeni ya pikapu, viatu vimezama kwenye tope.

"Na wewe mkwe wangu, kaa basi."

Bwana Viti akachungulia ndani ya pikapu. Akautazama uwanja, safu kwa safu, vichwa vyote vimelingana.

"Vimeisha, mama," akasema, na machozi yakamlengalenga kwa furaha.