Mguu Niliouficha Muyinga

Naikumbuka asubuhi moja pale mtaa wa Yoba, mwanangu, nilipoingia kwa fundi cherehani nikamkuta amelala chali sakafuni, miguu ameiegemeza ukutani, macho ameyafumba. Nikadhani amekufa. Nikapiga kelele. Akafumbua jicho moja akasema, "Sha, ndugu, ngoja kidogo. Niko napumua."

Jana umeniuliza kama hiyo yoga inamfaa bondia, na nimesikia wenzako wakikucheka. Nitakujibu, lakini si kwa neno moja, maana jibu lenyewe nimelilipia sikio la kushoto.

Miaka ile tulikuwa tumerudi Burundi karibuni kutoka Tanzania. Nilikulia huko kwenye kambi ya wakimbizi, shule nikaishia darasa la tatu, na Kirundi changu kilikuwa cha kusikia kwa mama tu. Hapa Gitega kila mtu aliniita Mtanzania. Sokoni Mtanzania, kanisani Mtanzania. Mahali pamoja tu niliitwa Simeoni, jina alilonipa baba yangu: kwenye klabu ya ngumi. Kocha wetu, mtu mfupi asiyecheka, alikuwa ameniambia wazi: nikimshinda bondia wa Muyinga nabaki kwenye timu, nikishindwa, nafasi yangu anapewa mwingine. Zilibaki siku kumi na mbili.

Fundi yule, Mzee Ramadhani, alikuwa Mwislamu wa pale pale Yoba, na ndiye aliyetushonea bukta za ulingoni. Akainuka, akatoa tepe yake, akanipima kiuno, akanipima mabega. Akarudia tena. Akakunja uso.

"Bega yako ya kuume iko chini vidole viwili. Na kiuno imegeuka. We unafanya kazi gani?"

Nikamwambia nasukuma baiskeli yenye ndizi kutoka Mutaho hadi mjini. Nilisema kwa majivuno, maana milima ya njia ile unaijua. Unasimama kushoto kwa baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani, wa kulia umeubana kwenye mzigo nyuma, unasukuma. Miaka mitatu, upande ule ule. Mimi nilidhani ni mazoezi. Nilidhani nimekuwa chuma.

"Chuma iliyopinda," akasema. "Na nikikupima kifua unaziba pumzi, kama mtoto anachomwa sindano. Ukipiga ngumi pia unaziba?"

Kweli nilikuwa naziba. Raundi ya kwanza nilikuwa simba, ya tatu natafuta hewa kama samaki aliyetupwa mchangani, na sikujua kwa nini.

Akanieleza kwamba ujanani alishonea kwa Mhindi mmoja Bujumbura, na yule Mhindi ndiye aliyemfundisha kujinyoosha na kupumua ili mgongo usife kwa kukaa kwenye cherehani. Akasema nije kila alfajiri, siku zote kumi na mbili.

"Mzee, mimi ni Mkristo," nikasema. "Hayo si ndiyo maombi ya Wahindi?"

"Na mi niko Mwislamu. Umeniona nasujudia ukuta? Mungu yangu iko moja, na mgongo yangu iko moja. Kuja kesho."

Nilienda asubuhi mbili. Alinifundisha kuinama polepole huku natoa pumzi, na kila nilipolazimisha alinipiga kofi dogo mgongoni. "Hapana! Hapa si ulingo. Fika pale mwili inakuambia basi, ukae hapo, upumue, uisikilize." Asubuhi ya pili niliteremka Yoba nikijisikia mwepesi, shingo inageuka pande zote mbili. Nakuambia ukweli wangu, nilishangaa.

Siku hiyo hiyo wenzangu klabuni walishajua, maana niliwasimulia mwenyewe. "Mtanzania anajifunza kulala!" mmoja akasema, na mwingine akajilaza sakafuni akakoroma. Wakacheka wote. Neno lile, Mtanzania, lilikuwa halijawahi kutamkwa ndani ya klabu. Liliingia siku ile kwa sababu ya tepe ya fundi na mdomo wangu. Asubuhi ya tatu sikwenda.

Sasa sikiliza ujinga wangu ulipokolea. Siku tatu kabla ya pambano, hofu ikaniingia. Kwenye gunia la mchanga pumzi ikakatika tena, na bega likawa zito. Aibu ikanizuia kurudi kwa Mzee Ramadhani, nikasema nitafanya mwenyewe, nyumbani, tena nitafidia zile siku zote kwa jioni moja. Nikafunga mlango. Nikakaa sakafuni, nikaivuta miguu yangu kama ninavyoisukuma baiskeli mlimani: kwa nguvu, kwa hasira, meno nimeyauma. Nataka kichwa kiguse goti. Kikakataa. Nikajirusha mbele.

Nyuma ya paja la kulia kitu kikasema tap.

Nililala pale nikiwa nimeshika paja, jasho la baridi linanitoka. Mke wangu akauliza mlangoni, "Kuna nini?" Nikasema hamna kitu. Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Ndani ya gari la kwenda Muyinga nilikaa mguu umenyooka. Kocha akaniangalia. "Simeoni, uko na shida ku mguu?" Nikasema, "Hapana kocha, iko bien, iko sawa." Huo wa pili.

Bondia wa Muyinga alikuwa kijana mrefu, mtulivu, wala hakuwa na nguvu kunizidi. Raundi ya kwanza nilimpiga vizuri. Ya pili akanisogelea kulia, nikataka kuruka nyuma, na mguu haukunifuata. Akaona. Mwanangu, hakuna kitu kibaya ulingoni kama kuona macho ya mwenzako yameshajua. Akawa anakuja upande ule ule, kila mara upande ule ule, na mimi nimeziba pumzi, kifua kinawaka, watu wa Muyinga wanaimba.

Kengele ikalia. Kwenye kona kocha akanishika uso kwa mikono miwili. "Niambie ukweli. Mguu?"

Ningesema hapo, yangeisha. Angerusha taulo, tungepanda gari tukarudi.

"Niko sawa," nikasema.

Raundi ya tatu siikumbuki yote. Nakumbuka ngumi moja sikioni, na mlio kama wa nyuki. Mlio ule haujaondoka hadi leo.

Tulipofika Gitega nilishindwa kushuka mwenyewe. Kocha hakunigeukia. Aliwaambia wengine, "Msaidieni Mtanzania ashuke."

Nilikaa ndani wiki nzima. Mzee Ramadhani akaja, akakaa kwenye kigoda. Nikamsimulia yote, nikamwambia yoga yako imeniharibu. Hakukasirika. Akasema, "Mwili ilikusemesha mara tatu. Nyumbani, ku gari, ku kona. We ukaiambia inyamaze. Mi sikukufundisha hiyo."

Paja lilipopona nilikwenda kwa kocha, nikasimama mbele ya wote nikasema nilidanganya, mara tatu. Akasema, "Kupigwa si neno. Nilikuwa nakwenda kukuzika kwa sababu ya haya zako." Akaniacha nifagie ukumbi miezi minne kabla ya kunirudishia glovu. Alfajiri nikawa kwa fundi, polepole, bila kujificha. Nilipigana tena miaka sita. Mara nyingine nilishinda, mara nyingine nilipigwa, lakini pumzi haikunikatika tena.

Basi jibu lako hili hapa. Inafaa. Itakufungua kiuno na mabega, itakufundisha kutoa pumzi unapotoa ngumi, itakuonyesha upande gani umepinda kabla adui hajauona. Haitakufundisha kukinga kidevu. Hilo ni gunia na kocha, na kukimbia hadi Giheta na kurudi. Usiifanye kwa hasira, usiifanye kwa haraka ya siku tatu. Wanaokucheka waache wacheke, hawatapanda ulingoni kwa niaba yako. Na mwili ukikuambia panauma, mwambie kocha siku hiyo hiyo, hata kama pambano ni kesho, hata kama mji mzima umeshakuja kuangalia.

Mungu akupe ngumi nzito na pumzi ndefu, mwanangu, na akupe mdomo wa kusema panapouma. Nenda salama.