Gari Langu Lilipopangishiwa Ghala

Mke wangu alikuwa na shauri moja tu kuhusu gari letu: liuzwe. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayekumbusha kwamba chumvi imekwisha. Gari lilikuwa likidondosha oili uani kwetu, mtaa wa Mabawa, na uani ndipo watu wanapotawadha, wanapofua na wanapokuna nazi. Siku mama mwenye nyumba alipoteleza kwenye dimbwi la oili akiwa na ndoo ya maji, akasafiri kwa makalio kutoka bombani mpaka mlango wa choo, aliinuka taratibu akanitazama.

"Mwanangu," akasema, "hii nyumba ya watu. Gereji katafute kwengine."

Mimi gari sikutaka liuzwe. Lilikuwa gari dogo la Kijapani lenye umri wa kuoa, siti zake zimechanika na honi yake inalia kama mbuzi aliyekabwa, lakini ndilo gari la kwanza kuandikwa jina la mtu wa ukoo wetu tangu Adam. Mafundi wa barabarani nao walikwishanichosha. Unawapelekea plagi mbovu, unarudi na plagi mpya na huna redio. Nikamwambia mke wangu: nitakodi ghala dogo, nitalitengeneza mwenyewe humo, na uani halitaingia tena. Nilisoma masomo ya jioni mpaka nikapata cheti cha kidato cha nne, na mada ya mashine niliielewa kuliko mwalimu, maana yeye alikuwa anasinzia kabla yetu.

Akafikiri, akanipa sharti. Mdogo wake alikuwa anaolewa. Bibi harusi angechukuliwa kwao Ushongo, ng'ambo ya mto Pangani, aletwe mjini kwa mumewe.

"Gari lako ndilo litakalomleta," akasema. "Likimfikisha kwa heshima, libaki. Likituaibisha, linauzwa wiki hiyohiyo, na usije ukanililia."

Nikakubali huku nacheka. Ndivyo nilivyoingia katika lile ghala la mtaa wa Usagara.

Dalali aliyenionyesha alichukua kodi ya mwezi mzima kwa kazi ya kunyoosha kidole. "Ndio hapo, kaka," akasema, akaondoka, sijamwona tena mpaka leo. Mwenye ghala, mzee wa zamani wa biashara ya vyombo vya baharini, alitaka kodi ya miezi sita mkononi, na juu yake kilemba, ile fedha ya kukaribishwa ambayo hairudi na haina maelezo. Alikuwa na sharti jingine pia: kona ya ndani kabisa ingebaki yake, na mapipa yake yasiguswe.

"Una nini humo, babu?" nikauliza.

"Sifa."

Watu wa pwani wanaijua. Ni mafuta ya ini la papa, linaloachwa lioze kwenye jua kali mpaka liyeyuke, kisha mafuta hayo hupakwa mbao za chombo zisiliwe na maji ya chumvi. Asiyeijua afikirie samaki aliyekufa mara tatu. Yale mapipa yalikuwa yamevuja miaka na miaka. Sakafu ilikuwa na utando wa rangi ya makamasi, unanata kiasi kwamba ukipiga hatua, mguu unakuja na kandambili inabaki. Kuta zilikuwa zimekunywa uvundo mpaka zikashiba, jua likipiga bati zinacheua. Juu walikaa popo. Chini walitawala panya, wakubwa hata paka wa mtaa huo akikutana nao huwaamkia shikamoo.

Siku ya kwanza nilitapika. Siku ya pili nilitapika kidogo. Baadaye nikawa naingia tu kinywa wazi nikipumulia meno, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi, kwa sababu ile harufu ina ladha.

Nikadhani kodi ndiyo gharama. Kumbe kodi ilikuwa mlango tu wa gharama. Mita ya umeme niliigawana na mashine ya kusaga iliyokuwa ukuta wa pili, nusu kwa nusu, mzee alisema ndivyo ilivyo haki. Mimi nilikuwa na balbu moja. Nadhani nimelipia uji wa watoto wote wa Usagara. Panya wakatafuna nyaya za taa za mbele, nikanunua nyingine, wakaona zile mpya ni tamu zaidi. Nikanunua sumu. Wakala, wakaenda kufia ndani ya boneti, karibu na betri, mahali ambapo mkono wa mtu hauingii mpaka ufungue kwanza vitu vingi. Nilimtoa mmoja kwa mkia na mkia ukabaki mkononi. Sitaki kueleza zaidi, nilikuwa nimetoka kula mihogo.

Nyumbani nikawa mtu wa pembeni. Mke wangu alinitengea ndoo yangu, taulo langu na ncha yangu ya mkeka. Nguo zangu zilifuliwa peke yake kama za mgonjwa. "Wewe unatengeneza gari au unavua papa?" akaniuliza. Nikimkaribia anarudi nyuma kwa adabu, kama watu wanavyompisha chizi sokoni.

Lakini gari lilipona. Hilo siwezi kulidhulumu. Lilikunywa gasketi mpya, plagi mpya na breki mpya, na oili ikaacha kudondoka kabisa. Nililiwasha likanguruma kistaarabu. Mashine ya kusaga ya jirani ikaonekana ndiyo mbovu.

Ikabaki kazi moja. Pwani yetu upepo wenyewe una chumvi, na chuma cha chini ya gari huliwa huku unakitazama. Kwa hiyo watu hupaka oili chafu, ile iliyokwishatumika kwenye injini, ikae kama ngozi. Nilikuwa nimekinga ndoo nzima. Ijumaa, siku mbili kabla ya safari ya Ushongo, nililipandisha gari juu ya mawe, nikanawa, nikavaa kanzu.

"Bado nini?" mzee akauliza akiwa mlangoni.

"Bado kulipaka chini tu, babu. Lisiliwe na chumvi. Nikitoka msikitini namalizia."

Nilitoka msikitini nikapitia kwa rafiki, maneno yakawa mengi. Niliporudi, mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono inang'aa mpaka kwenye viwiko, ana furaha ya mtu aliyemaliza kufunga dari. Ndoo yangu ya oili ilikuwa palepale, haijaguswa. Pipa moja la kona lilikuwa wazi.

"Nimekupakia," akasema. "Mikono miwili, mmoja juu ya mwingine. Chini kote, mbavuni, mpaka kwenye lile bomba."

"Babu! Umepaka sifa?"

"Ulitaka nipake nini, mafuta ya nywele? Chombo changu kimekaa majini tangu hujazaliwa, hakuna kilichokila."

"Hili si chombo, babu. Hili ni gari!"

"Si wavuka nalo mto? Si laenda pwani? Basi." Akapangusa mikono kwa jani la mgomba. "Kazi sikutozi, wewe mjukuu wangu. Utalipa mafuta tu."

Nililipa. Ndiyo, nililipa! Mtu amekalia kigoda katikati ya mlango, na gari langu liko nyuma yake.

Jumamosi yote nilikuwa chini ya gari na mafuta ya taa, sabuni ya kipande, jivu, ndimu kapu zima. Sifa haikubali kutoka. Imetengenezwa ishindane na bahari, sembuse ndimu? Nilichopata ni harufu ya papa aliyetiwa ndimu. Nikajifariji kwamba upepo wa njiani utaipeleka. Kuhusu bomba la ekzosi, jinsi linavyopata moto, na jinsi mafuta yanavyofanya juu ya chuma cha moto, mambo ambayo niliyajibu kwenye mtihani na nikapata alama nzuri, sikufikiri hata chembe.

Kwenda tulikwenda asubuhi, madirisha wazi, mke wangu kando yangu.

"Nini hicho kinanuka?" akauliza.

"Bahari."

Akatazama kushoto, mashamba ya mkonge mpaka upeo wa macho.

Ushongo walikuwa wamemwandaa mwari wao kweli. Alikuwa amesingwa, amefukizwa udi, ana vikuba vya asumini na rehani, akipita hata mbuzi wanageuza shingo. Wakampandisha nyuma pamoja na somo yake, mama mtu mzima aliyemfunda, mwenye mdomo usio na breki. Gari la waimbaji likafuata. Jua lilikuwa limeshapanda, na ekzosi nayo.

Tulipofika kwenye kivuko cha Pangani gari lilikuwa linakaanga. Naapa nilisikia likitatarika. Tukaingia kwenye pantoni, tukabanwa katikati, upepo ukakata, na moshi mwembamba wa kijivu ukaanza kupanda taratibu kutoka chini ya milango. Abiria wakaanza kuziba pua. Karibu yetu alisimama mama mmoja na beseni la samaki kichwani, na wote wakamgeukia yeye.

"Mama wee, samaki hao wamekufa lini?" kijana mmoja akauliza.

"Wamekufa lini?" Akalishusha beseni, akafunua, akamchomolea mmoja mpaka puani. "Nusa! Nusa, mwanaharamu! Samaki wangu wametoka majini alfajiri. Tazameni hilo gari la harusi, ndilo limekufa!"

Pantoni nzima ikageuka. Somo akatoa kichwa dirishani akatema mate mtoni. "Ewe baba," akaniambia, "mtoto nimemfukiza udi siku saba. Siku saba! Umekuja kumkaanga?"

Nyuma nikasikia sauti ndogo ya bibi harusi, ya kwanza tangu Ushongo. "Somo, natapika."

Hakutania. Alitapika juu ya asumini, juu ya hina, juu ya ile siti iliyochanika niliyoishona kwa mkono wangu. Na mimi, pua yangu iliyovumilia ghala lile lote, nilipoona vile nikafungua mlango nikatapika pia, mbele ya mama wa samaki, ambaye alikunja uso akasema, "Ptuu, na dereva naye."

Tulipogusa ng'ambo walimshusha, wakamwosha kwa maji ya chupa, wakamfunga kanga ya mtu, wakamhamishia gari la waimbaji. Akaingia mjini akiwa amebanwa baina ya ngoma mbili. Gari langu lilifuata nyuma kwa mbali, tupu, kwa ombi la kila mtu. Injini ilikuwa inakwenda kama saa. Halikuzima hata mara moja, halikudondosha hata tone.

"Lakini halikuharibika," nikamwambia mke wangu usiku ule.

"Amefika kwa gari lipi?"

Wiki hiyohiyo likauzwa, kwa mchuuzi wa samaki wa soko la Deep Sea, aliyelizunguka, akaketi ndani, akavuta pumzi ndefu na kuuliza kama lina tatizo lolote. Mke wangu ndiye aliyejibu kwamba halina.

Nilirudi kwa mzee kumpa funguo na kuomba masalia ya kodi yangu. Akanisukumia tena funguo.

"Miezi yako bado. Mimi sijakufukuza."

"Sina gari tena, babu. Humu nitaweka nini?"

"Shauri yako. Weka hata kitanda."

Basi ninalo hadi sasa, ghala langu, pamoja na nusu ya umeme wa mashine ya kusaga. Juzi nilikwenda kuchukua jeki na spana niziuze. Nilishindwa kupita kizingiti. Nilisimama nje nimejiziba pua kwa shati, nikamlipa mbeba mizigo aingie badala yangu, naye alipotoka machozi yakimtiririka akataka nimwongeze. Nikamwongeza.