Makopo Sita ya Ugimbi Kwenye Kabichi

Ukitaka kunitesa, nipe jambo la kusubiri. Siwezi, jamani. Naosha sufuria iliyokwisha oshwa, nafagia uwanja uliokwisha fagiwa, natoka mpaka barabarani kuangalia kitu nisichokijua. Masika ile, pale Msamala, mjini Songea, nilikuwa nasubiri mambo mawili kwa mpigo: kabichi zetu zifunge, na mume wangu asirudie pombe. La pili lilitegemea la kwanza. Ndiyo maana konokono walikaribia kunirusha akili.

Mume wangu alikuwa mtunza ghala wa shirika moja la umma lililokuwa likiwagawia wakulima mbolea na dawa. Ikaja miaka ya ruksa, serikali ikaachia biashara. Maduka yakajaa sabuni za kila rangi, mitumba ikafika mpaka vijijini, na mashirika yakaanza kupunguza watu. Wakampunguza naye. Mtu aliyezoea kuamka na kuvaa shati la kola, sasa anaamka anakaa kwenye kigoda kuangalia kuku. Na kutoka kigodani mpaka kilabuni, kwa mtaa wetu, hazifiki hatua mia mbili. Alikunywa mwaka mzima. Mwaka huo siusimulii. Waliokaa na mlevi wanaujua, na wasiokaa naye Mungu awaepushie.

Halafu siku moja, kwenye sala za jumuiya yetu, alisimama akasema ameacha. Hakulia, hakuhubiri, alisema tu ameacha, akakaa. Kesho yake alilima eneo lote la nyuma ya nyumba na kupanda kabichi. Jioni, saa zilezile ambazo zamani angekuwa kilabuni, alikuwa kwenye matuta anapalilia hata pasipo na jani la kupalilia. Nikaelewa. Kabichi zile ndizo zilizomshika. Zikifa, jioni hana pa kwenda ila kulekule.

Mvua ilipokolea, wakaja konokono. Si wale wenye nyumba mgongoni, maana hao unawaona mapema ukawaokota. Hawa walikuwa uchi, weusi, wanateleza, urefu wa kidole. Mchana wamejificha chini ya mawe na majani yaliyooza. Asubuhi unakuta jani limetobolewa limekuwa chujio, na ute unang'aa juu ya tuta. Yesu na Maria, nilivyowachukia!

Dawa ya dukani mume wangu hakutaka hata kuisikia. Siku hizo kila mtu aliiuza, imemiminwa kwenye chupa ya soda, haina karatasi wala maelezo.

"Sumu hizi nimezigawa miaka kumi na miwili," alisema. "Kabichi hizi watakula wanangu. Tutawaondoa kwa mikono."

Tukaanza na majivu. Ukizungushia shina majivu makavu, konokono hapiti, yanamkausha tumbo. Vizuri sana, ila majivu yanataka ukavu, na Songea mwezi wa pili ukavu utautoa wapi? Unamwaga asubuhi, mchana mvua inayaosha, jioni unarudi jikoni kukomba mafiga. Nikaomba maganda ya mayai kwa muuza chipsi wa njia panda, nikayaponda, nikayatandaza. Yakasaidia tuta moja. Nikaazima bata wawili kwa jirani. Bata wanakula konokono kweli, siwasingizii, lakini ile miguu yao! Walikula konokono wachache, wakalaza miche tuta zima. Niliwafukuza na mwiko mkononi, na mwenye bata akaninunia mpaka Pasaka.

Kilichofaa kidogo ni magunia. Jioni unalaza gunia lililolowa kati ya matuta. Alfajiri unaligeuza, unawakuta wamejikusanya chini yake, unawaokota na kuwatia kwenye maji ya chumvi. Tuliokota wote wawili, tumeinama. Kesho yake wako wengine, utadhani tuliwapanda.

Mume wangu akaanza kunyamaza. Jioni moja nilimwona amesimama kwenye tuta la mwisho, mikono nyuma, anatazama barabara ya kilabuni badala ya kabichi. Niliacha ugali jikoni, nikaenda mbiombio kwa mama mmoja mzee, mpika pombe, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Yule mama alikuwa na bustani ya mboga, na mboga zake hazikuwa na tundu hata moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Wape ugimbi," akasema. Ugimbi ndiyo pombe yake ya ulezi. "Fukia kopo, mdomo uwe sawa na udongo, mimina nusu. Harufu itawaita. Anaingia, anakunywa, anazama. Mimi kila asubuhi nawafagia kwenye mitungi yangu."

"Mama, kwangu pombe haiingii. Unajua."

"Najua. Lakini dawa ya moto ni moto, mwanangu."

Nilimshukuru kwa mdomo tu. Niliondoka nimekasirika, na nilipofika ugali ulikuwa umeungua.

Wiki hiyohiyo ikaja habari kutoka Mpitimbi kwamba baba mdogo wa mume wangu amefariki. Ilibidi aende peke yake, maana mtoto wetu wa mwisho alikuwa na surua. Sasa, kwao msiba wa mzee hauendi bila mitungi ya pombe. Watu wanakaa siku kadhaa, kata ya kunywea inazunguka mkono kwa mkono, na ikikufikia ukaikataa, kuna wa kukuambia umemkataa marehemu. Na yeye alikuwa mfiwa wa karibu! Nilimsindikiza mpaka stendi. Nilimfunga vifungo vya shati ambavyo vilikuwa vimeshafungwa.

Siku zile nne roho ilikuwa juu juu. Kila aliyekuja kutoka upande wa Mpitimbi nilimtazama usoni kama amenibebea habari. Nilihitaji kazi ya mikono, na kazi iliyokuwepo ni konokono. Nikajiambia, yeye hayupo, pombe haitamwona. Basi mimi, mwanamke wa jumuiya, katikati ya Kwaresima, nikapita mtaani na ugimbi ndani ya ndoo, nimeufunika kwa majani ya maboga. Wote niliokutana nao siku hiyo walikuwa na salamu ndefu kuliko kawaida.

Nilifukia makopo sita ya mafuta ya kupikia, nikamimina. Alfajiri nilipoyachungulia nilipiga kigelegele peke yangu. Walikuwa wamejaa, wamelewa wamekufa, wengine wameshikana. Kesho yake tena. Siku ya nne, majani machanga yalitoka mazima, hayana tundu, na katikati kabichi zimeanza kujikunja zifunge.

Mume wangu akarudi siku ya tano, mchana. Nilimwona anakuja barabarani na anatabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu apunguzwe kazi. Alifungua mdomo aniambie kitu. Mimi nikamkumbatia kwanza. Yalikuwa mapenzi? Nitasema ukweli wangu, nilikuwa nanusa. Nilinusa shingo, nikanusa pumzi. Moshi wa kuni na jasho, basi. Nilipomwachia, lile tabasamu lilikuwa limeondoka.

"Pole na msiba," nikasema.

"Tumeshapoa," akajibu, akanipita, akaingia ndani.

Nilipaswa kumwambia habari za makopo palepale. Sikumwambia. Kabichi zilibakiza wiki chache tu zifunge sawasawa, na nilijua nikiacha konokono watarudi. Lakini kumwambia mtu aliyeacha pombe miezi mitatu kwamba nyuma ya nyumba yako kuna ugimbi, hapana, niliogopa. Nikaamua kufanya kwa ujanja. Jioni akienda mtoni na ndoo za kumwagilia miche mipya aliyoipanda chini ya paa la nyasi, namimina. Alfajiri kabla hajaamka, nafukua makopo.

Alfajiri ya kwanza nilikuta makopo yote sita matupu. Hamna pombe, hamna konokono. Nikasema labda mbwa. Ya pili, matupu. Ya tatu, matupu, tena yamesuzwa! Mbwa gani anasuza kopo?

Mchana kutwa sikukaa. Nilinusa kikombe chake, nikanusa shati, nikanusa mpaka mto wa kulalia. Sikupata kitu, na hilo ndilo lililonitia wazimu zaidi. Jioni nilimkuta bustanini anachonga mpini wa jembe. Nikalipuka.

"Baba watoto! Umeshuka mpaka kunywa kwenye makopo ya konokono? Si bora ungeenda kilabuni ukanywe na watu?"

Aliweka panga chini polepole.

"Konokono gani?" akauliza.

"Hao uliowanyang'anya pombe yao!"

"Konokono wanakunywa pombe?"

Aliuliza hivyo kwa dhati kabisa. Nikamweleza yote, mama mzee, ndoo, majani ya maboga, konokono waliozama alipokuwa msibani. Alisikiliza huku ameyakodolea macho yale makopo. Nilipomaliza akasema:

"Mimi nilidhani umenitegea mimi."

Nikacheka, maana sikujua la kufanya. Yeye hakucheka.

"Ulininusa barabarani," akasema. "Jioni nikatoka mtoni, nakuta ugimbi mbichi kwenye makopo sita, kwenye njia ninayopita. Nikasema, haya, mama watoto ananipima. Siku ya kwanza nilichuchumaa pale mpaka magoti yakauma. Nikachovya kidole. Nikakifuta kwenye suruali, nikamwaga yote kwenye shimo la taka. Jana nimemwaga. Juzi nimemwaga."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Wewe uliniambia?"

Sijawahi kuona aibu namna ile. Nilitamani ardhi ipasuke. Wiki nzima nilikuwa nakimbia huku na huku kumlinda mtu huyu, na aliyemwekea pombe miguuni ni mimi.

"Na msibani?" nikauliza.

"Msibani sikugusa. Kata ilinifikia sijui mara ngapi. Ndugu zangu walinicheka mbele ya watu, mmoja akaniambia nimekuwa mtawa. Nikaipitisha kwa aliyekaa karibu. Njia nzima kutoka Mpitimbi nilikuwa naipanga namna ya kukusimulia, nianze na lipi, nimalizie na lipi."

"Nisimulie sasa," nikamwambia. "Nakuomba."

Alinitazama kidogo. Hakuwa na hasira hata chembe, na heri angekuwa nayo.

"Sasa haina utamu," akasema, akaenda kung'oa makopo.